Michoro ipo, mafundi hawapo

Watu wengi huamini kwamba Marekani ilipoteza michoro ya Saturn V, roketi iliyowafikisha wanaanga mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972. Si kweli: michoro hiyo imehifadhiwa. Kilichopotea ni kingine.

Wahandisi vijana wa shirika la anga za juu la nchi hiyo, NASA, walilitambua hilo mjini Huntsville, Alabama, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Walitaka kuielewa F-1, injini tano za aina hiyo zikiwa ndizo zilizoinua Saturn V kutoka ardhini. Michoro haikuwatosha. Iliwabidi kufungua injini halisi ya zama hizo, kipande kwa kipande, na kuipima upya kwa kompyuta.

Injini hizo zilichomelewa kwa mkono. Kila moja ilifanyiwa marekebisho yake, na mengi yalibaki vichwani mwa mafundi, ambao baadaye walistaafu au kufariki dunia.

Januari 2013, sehemu inayozalisha gesi ya kuzungusha pampu za injini hiyo iliwashwa kwa majaribio. Iliwaka, mbele ya wahandisi ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa ilipoundwa.