Nyani wa Adili Wafika Mgori (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Karama wa Kusadikika akijitetea mbele ya mfalme. Leo tufungue kitabu kingine cha nchi za kubuni za Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Kusadikika. Nitakisoma nikimfikiria kijana wa Mgori, mkoani Singida.

Kisa chenyewe ni hiki. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai wa Ughaibu, anatumwa Janibu kufuata kodi, analala kwa liwali Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili huku analia, kisha anawalisha. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, nduguze, waliomtosa baharini kwa husuda. Jini Huria alimwokoa, akawageuza wao wanyama, akaamuru wachapwe kila usiku.

Kwa msomaji wa Tanga au Lamu, jahazi na dhoruba ni mambo ya kila siku. Maajabu yanaanzia kwa nyani. Mgori ni kinyume chake. Pwani iko mbali, na maji mengi ambayo mtoto wa huko huenda akayaona ni ya Singidani na Kindai, maziwa yaliyo jirani na Singida mjini. Bahari kwake ni njozi sawasawa na jini. Nyani ndiye mwenyeji. Msitu wa miombo wa Mgori una hekta zipatazo 44,000, na ni ule ambao vijiji vitano vilianza kuulinda vyenyewe mwaka 1995. Mwenye shamba la mahindi ukingoni mwa msitu wa namna hiyo hahitaji kitabu kumweleza nyani ni nani.

Lakini kuna zito zaidi. Kati ya mwaka 1946 na 1948 Singida ilikumbwa na mauaji ya watu-simba. Maiti zilikutwa na majeraha kama ya makucha, na ikasemwa kuwa wauaji ni binadamu waliogeuzwa simba, wenye mabwana wanaowatuma kwa malipo. Kesi zilifika mahakamani, na mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider akayaandikia makala. Basi katika mkoa huu mtu kugeuka mnyama si mapambo ya hadithi. Ni habari iliyokwisha kusikilizwa na hakimu.

Sidai kwamba Shaaban Robert aliwafikiria Wanyaturu wa Singida. Kisa alikitoa katika Alfu Lela Ulela. Hata hivyo kijana aliyewahi kusikia minong'ono ya watu-simba anapewa hapa kitu kipya. Simba wa minong'ono hana hatia yake mwenyewe, ametumwa, na kila jirani anaweza kushukiwa kuwa bwana wake. Nyani wa Adili wana majina, na majina yenyewe yanataja kosa. Msomaji anajua walimkosea nani, na anajua ni nani anaweza kuwaombea. Hofu isiyo na mwenyewe inageuka kesi yenye mlalamikaji, mshtakiwa na mfalme wa kuamua. Kwangu mimi, hapo ndipo kitabu hiki kinapomgusa kijana, kuliko katika orodha ya dhamira anayoikariri kwa ajili ya mtihani.

Tena mwandishi aliubadili mwisho. Katika kisa cha zamani, ndugu wakishasamehewa na kurudia utu wao, wanamuua ndugu yao. Shaaban Robert alikataa. Wa kwake wanatubu, wanaoa, wanaishi. Wahakiki humlaumu kwa kupenda mno maadili, na mara nyingi nakubaliana nao, ila si hapa. Kusema kwamba aliyekwisha kuitwa mnyama anaweza kurudi kukaa na watu ni neno la ujasiri mahali penye kumbukumbu kama za Singida.

Kinachonisumbua ni viboko. Adili anachapa huku analia, kwa kuwa ameamriwa, na kitabu kinatutaka tumhurumie mchapaji pia. Mwanafunzi wa Tanzania anakisoma katika shule ambako kanuni bado zinaruhusu fimbo. Je, anajiona Adili au anajiona nyani? Mwalimu wa Kiswahili angepaswa kumwuliza. Wiki ijayo tutahamia Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967 Shaaban Robert akiwa amekwisha kufariki, ambako mfalme anahangaika kupata mtoto, na akishampata, swali linakuwa afundishwe vipi.