Gonja na Chimbuko la Kupenda Safari

Wengi huamini kwamba kupenda safari ni tunda la fedha na likizo: mtu ashibe kwanza, ndipo atamani kuona nchi za watu. Historia ya Gonja, wilayani Same, inaonyesha vingine. Kupenda safari huanza na safari fupi yenye shughuli, inayorudiwa mara nyingi, na hukua pale msafiri anapopata wenyeji wa kumpokea. Umbali huja baadaye.

Tuanze na ardhi yenyewe. Gonja imekaa chini ya milima ya Pare Kusini, upande wa mashariki, ikitazamana na nyika ya Mkomazi. Tambarare ya Maore na Ndungu hulimwa mpunga kwa maji yanayoshuka mlimani. Huko juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye karibu mita 2,460, ubaridi hustawisha maharage na tangawizi. Mwendo wa saa chache hubadilisha hewa, mazao na hata chakula cha jioni, ndiyo maana mlima na tambarare havijawahi kuachana. Siku ya gulio watu wa juu hushuka na mizigo kichwani, wakapanda tena na mchele. Mtoto anayefuatana nao na kifurushi chake hujifunza njia inapogawanyika, kijito cha kunywea maji, na namna ya kujibu akiulizwa, “Wewe ni mtoto wa nani?” Akijibu vizuri, hukaribishwa, naye hugundua mapema kwamba hata mbali na kwao kuna watu wanaoweza kumjua.

Juu ya msingi huo ilikuja dunia pana. Chuma cha Upare kiliuzwa hadi Uchagga, na katika karne ya 19 Gonja ikawa kituo cha misafara kati ya Pangani na Kilimanjaro, mahali wapagazi walipopumzika na kununua chakula. Kwa watoto wa hapo, pwani haikuwa tena jina tupu. Ilikuwa watu waliokaa kivulini wakisimulia.

Watakaopinga watasema huo ulikuwa uhitaji, si mapenzi. Lakini uhitaji humtoa mtu mlangoni tu. Haumlazimishi kuuliza watu wa huko wanaoaje na wanakula nini. Mfano kutoka nje ya Gonja ni Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani. Alikwenda kikazi, lakini maelezo yake, yaliyochapishwa katika mkusanyo wa Carl Velten wa 1901, yamejaa udadisi kuhusu watu na desturi zao. Kazi ilimpeleka, udadisi ulikuwa wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: njia za misafara zilibeba pia watumwa, na Upare iliteswa na uvamizi. Hilo ni kweli, na halipaswi kufunikwa. Linatuonyesha sharti la jambo hili: barabara peke yake haimfundishi mtu kupenda safari. Anayeswagwa hajifunzi ila hofu. Lazima pawe na hiari, na njia ya kurudi nyumbani.

Tena, barabara kuu ikihama, mazoea hayafi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita magharibi ya milima, kupitia Makanya na Same, ikaiacha Gonja pembeni. Hata hivyo watu wa milima hii waliendelea kwenda Tanga, Moshi na Dar es Salaam kusoma na kutafuta kazi, kwa sababu mguu ulishazoea kushuka na kupanda tangu utotoni.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu anayetaka kulea msafiri asingoje nauli ya ndege. Wahenga walionya kwamba mtembezi hula miguu yake, nao walimlenga anayezurura bila shughuli. Mtoto apewe shughuli: apeleke salamu kwa shangazi kijiji cha pili, anunue mbegu gulioni, kisha akirudi aulizwe ameona nini na amekutana na nani. Simu itamwonyesha picha za miji yote, lakini haitamfundisha kubisha hodi kwa mtu asiyemjua.