Dereva, Konda na Kiti cha Ofisi

Panda daladala ya Mbagala alfajiri, uwatazame watu wawili wanaofanya kazi moja. Wameamka saa ileile, wamekunywa chai kwa mama ntilie mmoja, wanavuta moshi uleule wa Barabara ya Kilwa, na hesabu ya tajiri inawasubiri wote wawili jioni. Mmoja amekaa. Mwenzake ananing'inia mlangoni, anashuka kuita abiria, anapiga bati, anadandia gari likishaondoka, kisha anajipenyeza katikati ya watu huku noti zimekunjwa vidoleni. Wakisimama bega kwa bega kituoni usiku, mara nyingi huna haja ya kuuliza dereva ni yupi. Kitambi kinajibu. Kiswahili nacho kimeshatania siku nyingi: konda, kukonda.

Utani huo una sayansi nyuma yake, ingawa haikuanzia Dar es Salaam. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa ikipoteza wanaume wa makamo kwa shambulio la moyo, na sababu haikujulikana. Daktari Jerry Morris akaamua kuutafuta ugonjwa huo kwa kufuata kazi za watu. Kwenye mabasi ya ghorofa mbili ya London akakuta jambo ambalo kila abiria alilitazama kila siku asilione. Dereva alikaa zaidi ya asilimia 90 ya zamu yake. Konda, kwa kukata tiketi chini na juu, alipanda ngazi kama 600 kwa siku. Katika wafanyakazi wapatao 31,000 wa usafiri wa jiji hilo, wenye umri wa miaka 35 hadi 64, makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Hata waliougua, ugonjwa uliwapata wakiwa wamekula chumvi zaidi, na haukuwaua ghafla kama ulivyowaua wenzao.

Morris mwenyewe alisita. Akaenda posta, akawalinganisha wagawa barua, wanaotembea na kupanda baiskeli, na makarani wa mezani. Jibu likawa lilelile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la Lancet, na ndiyo mara ya kwanza sayansi kuionesha kazi ya kukaa ikihusishwa na moyo kwa hesabu za kueleweka.

Wakosoaji walikuwa na hoja nzuri: je, kama ni wanene ndio wanaoelekea kwenye udereva tangu mwanzo? Safari hii Morris akageukia sare. Vipimo vya suruali za madereva na makonda vilikuwa vimeandikwa na kutunzwa, na ripoti ya mwaka 1956 ikaonesha kwamba viuno vya madereva ni vipana kweli. Lakini alipowapanga watu kwa ukubwa wa kiuno, konda mnene alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene, na konda mwembamba kuliko dereva mwembamba.

Simama hapo kidogo, maana ndipo wengi wetu wa ofisini tunapopotelea. Wembamba haukuwa ndiyo siri ya konda. Kuna hesabu ya uzito, na kuna hesabu ya moyo, sukari na mishipa. Ni jirani, lakini kila moja ina nyumba yake. Sisi tunazichanganya. Januari tunalipia jimu ili kukata kitambi. Machi mzani haujasogea, tunasema jimu haisaidii, tunaacha. Tumetupa kilichokuwa kikiufaa moyo kwa sababu kimeshindwa kufanya kazi ya sahani.

Na kazi ya sahani ni kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka nusu saa nzima anatumia kalori kama 120 hadi 150. Soda ya mililita 300 inazo kama 125. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina 120, na chipsi mayai hazijawahi kukaangwa kwa kijiko kimoja. Chukua hata chai yetu: vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, karibu kalori 190, na hakuna atakayekuambia amekula kitu. Amekunywa chai tu.

Sizungumzii semina. Aliyewahi kuhudhuria semina ya siku tatu anajua: chai ya saa 4 na sambusa, chakula cha mchana chenye wali, pilau na viazi mezani kwa pamoja, chai ya saa 10 na keki, na katikati ya yote umekaa unasikiliza. Wala siwasemi ndugu zangu wa klabu za jogging, wanaokimbia Jumamosi asubuhi kwa nyimbo na fulana za kufanana, halafu safari inaishia kwenye supu na chapati mbili. Faida ya mbio zile ipo na inabaki mwilini. Kwenye mzani tu ndipo chapati inaposhinda.

Ushahidi mzito wa jambo hili umetoka nchini kwetu. Herman Pontzer, mtafiti wa Marekani, alikwenda na wenzake kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume wale hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Watu 30 walinyweshwa maji yenye atomi zilizowekewa alama, kisha mkojo wao ukapimwa kwa siku kadhaa. Ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kujua mwili umechoma nishati kiasi gani. Kila mtu alitarajia Mhadzabe awe anachoma kuliko karani wa Marekani. Matokeo ya mwaka 2012 yalisema vingine: ukizingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana. Kwa maelezo ya Pontzer, mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi upande mwingine, kama mama wa nyumbani anayelipa ada ya shule kwa kupunguza fungu la mboga. Wahadzabe ni wembamba zaidi kwa sababu ya wanachokula na kiasi wanachokula.

Wapo wanaopinga, na wana chao. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Mmoja aliongeza mafuta yasiyofika nusu kilo, mwingine zaidi ya kilo nne. Waliookoka hawakuwa wanamazoezi. Walikuwa watu wasiotulia: anainuka, anazunguka, anatikisa mguu, wale ambao bibi zetu wangesema wana mapepe. Kwa hiyo mwendo mdogomdogo una uzito wake kwenye hesabu. Lakini hukumu yangu, baada ya kuzisoma pande zote mbili, ni kwamba anayetaka kupungua aanzie kwenye kikombe cha chai na kikaango, asianzie kwenye viatu vya mbio.

Viatu vina kazi nyingine. Msuli ukijikunja huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri amri ya insulini. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko kwenye mapaja na makalio, yaani ileile tunayoikalia. Ikizimwa kwa saa nyingi, sukari ya wali wa mchana inakawia kwenye damu, na kimeng'enya kinachoisaidia misuli kuchukua mafuta kutoka kwenye damu nacho kinafifia. David Dunstan na wenzake wa Australia walilipima hili mwaka 2012 kwa watu 19 wenye uzito uliozidi. Waliwapa kinywaji chenye sukari na mafuta, wakawakalisha muda wa saa 5. Siku nyingine waliwapa kinywaji kilekile, ila kila baada ya dakika 20 wakawainua watembee taratibu kwa dakika mbili. Ni mwendo wa kwenda chooni na kurudi, basi. Sukari yao baada ya kinywaji ilikuwa chini kwa karibu robo.

Turudi Eyasi, kwa sababu huko kulikuwa na la pili. Timu ya David Raichlen iliwavalisha Wahadzabe vifaa vya kurekodi mwendo, na mwaka 2020 ikatangaza kwamba wawindaji wale nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Hizo ni saa za mtu wa ofisi! Mbona basi presha na kisukari haviwasumbui? Sehemu ya jibu iko kwenye namna ya kupumzika. Mhadzabe huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini na kuinuka. Vipimo vya misuli vilionesha kwamba mguu uliochuchumaa unafanya kazi kuliko mguu ulioning'inia kwenye kiti. Kiti kina egemeo, kina mikono, siku hizi kina magurudumu pia, hata kusogea kufuata faili si lazima uinuke. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye mkeka na kibao cha mbuzi hahitaji kufafanuliwa. Aulize tu magoti yake ya leo yanasemaje akiambiwa akae chini msibani.

Kiti, tukisema kweli, kwetu si samani tu. Ni cheo. Mkubwa wa kikao ni mwenyekiti. Mfanyakazi mpya ndiye anayetumwa kupeleka barua ghorofa ya tatu. Akipanda daraja, barua zinamfuata alipo. Mhudumu anamletea chai, dereva anamfungulia mlango, na gari linaegeshwa hatua kumi kutoka kwenye lifti. Kila heshima tunayompa inamnyang'anya ngazi kadhaa. Nimefanya kazi na bosi mmoja aliyekuwa akijichotea chai mwenyewe, na ofisi nzima ilimwona kama mtu wa ajabu kidogo, pengine bahili.

Wengine watasema dawa ni meza za kusimamia, zinazouzwa siku hizi kwa bei ya kutisha. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 46 ulikuta kwamba kusimama kunazidi kukaa kwa kalori 0.15 tu kwa dakika. Simama saa 6 badala ya kukaa, umechoma 54, robo tatu ya andazi dogo ukibahatika. Meza ya kawaida inatosha, mradi uiache mara kwa mara. Simu inapokelewa ukitembea. Maji yakiwekwa mbali yanafuatwa. Lifti ya ghorofa ya pili iachiwe mwenye mguu mbaya na mama mjamzito.

Lakini dakika mbilimbili za kuinuka kitini hazitoshi peke yake. Uchambuzi wa watu zaidi ya milioni moja, uliochapishwa mwaka 2016, uligundua kwamba wanaokaa zaidi ya saa 8 kwa siku wanaweza kuifuta hatari ya ziada ya kufa mapema kwa kutembea kwa haraka au kufanya kazi ya kiwango hicho dakika 60 hadi 75 kila siku. Ni nyingi, kwa mtu anayetoka Kimara au Chanika na kula foleni saa mbili. Shirika la Afya Duniani halidai kiasi hicho kwa kila mtu. Linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Anayeshukia kituo cha nyuma asubuhi na jioni, dakika 15 kila upande, siku tano, tayari anazo 150 bila kununua chochote. Zile hatua 10,000 zinazotangazwa na simu zisikutishe. Namba hiyo ilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala haikutoka maabara. Kwa wanawake wazee waliofuatiliwa Marekani, faida ilionekana tangu hatua 4,400 na ikatulia kwenye 7,500.

Ukibadili sahani na ukainuka kitini, baada ya miezi mitatu au minne mkanda utarudi tundu moja au mawili, na hapo jiandae kwa swali la korido: "Vipi, unaumwa?" Mwili mkubwa kwetu ulikuwa ushahidi wa kushiba na wa amani ya nyumbani, na miaka ya UKIMWI ilifanya kukonda kuwe habari ya kunong'onezana. Anayekuuliza hana nia mbaya. Tena kitabibu ameuliza jambo la maana. Aliyepunguza sukari na kuanza kutembea anajua kwa nini suruali inamlegea. Ambaye amepungua bila kubadili lolote, hasa kama ana kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, au kiu na kukojoa kila mara, asiufurahie mzani. Kifua kikuu na kisukari huanza hivyohivyo. Huyo aende hospitali wiki hii.