Mpaka wa Silabi na Mpaka wa Maana katika Majina ya Kemikali ya Kiingereza

Silabi ya Kiswahili haimsumbui msomaji. Kwa kawaida huishia na irabu, na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ajuaye herufi amekwisha kujua matamshi. Majina marefu ya kemikali katika Kiingereza hayana ukarimu huo, kwa kuwa ndani yake mna mipaka miwili isiyolingana: mpaka wa mofimu, unaobeba maana, na mpaka wa silabi, unaofuata sauti.

Mathalani, "dichlorodiphenyltrichloroethane", ile dawa iitwayo kwa kifupi DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, ina silabi 11. Anayelikabili jina hilo silabi kwa silabi hupotea njiani. Anayetafuta mofimu kwanza hukuta klorini mbili, fenili mbili, klorini tatu, kisha ethani.

Hata hivyo, vipande vyenyewe navyo vina utata. Kimofolojia, "ethane" ni "eth-", dalili ya kaboni mbili, na "-ane", dalili kwamba kaboni hizo zimeungana kwa kifungo kimoja. Mwingereza huirefusha irabu ya kwanza, akasema "ii-thein". Mmarekani huifupisha, na kamusi za kwao hugawa "eth-ane", mgawanyo unaoafikiana na mofimu kwa bahati tu. "Paracetamol" ni kaidi zaidi: kiasili ni "par-acet-am-ol", lakini mdomo husema "pa-ra-ce-ta-mol", bila kujali mwanakemia alikatia wapi.

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari, huelekea kuitamka "e" ya mwisho iliyo bubu. Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni kuchanganya irabu ya tamati, kwani "ethene" ni kitu kingine kabisa: ina kifungo maradufu, nayo ndiyo gesi inayoivisha matunda. Katika Kiingereza mkazo mkuu huangukia silabi ya kwanza, ambayo ni ileile katika majina yote mawili. Katika Kiswahili, ethani na etheni hupata mkazo juu ya "tha" na "the", yaani palepale maana inapotengana. Ile "-i" inayoongezwa mwishoni, ambayo wengine huiona mzigo tu, ndiyo inayousogeza mkazo hadi hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa salfeti na salfaiti.