Hoteli ya bei moja: mgeni anapata nini, jirani anapata nini?

Kuko hoteli ambamo mgeni analipa mara moja tu. Mu ile bei munaingia kitanda, chakula cha asubuhi, cha midi na cha mangaribi, vinywaji, michezo ya ku maji, na mara ingine hata tikiti ya ndege. Akisha kufika, anaweza kusahau mfuko wake mu chumba. Kwa Kifaransa wanasema "tout compris", ni kusema yote iko ndani.

Hii mpango haikuanza jana. Mu mwaka 1950, Club Med ilifungua kijiji chake cha kwanza cha likizo ku kisiwa cha Mallorca, Uispania. Kisha mpango ukavuka bahari mpaka Karibea. Kule Jamaika, kampuni ya Sandals ilifungua hoteli yake ya kwanza mu 1981, mu muji wa Montego Bay. Ile miaka, wageni wengi waliogopa fujo ya inje, basi hoteli yenye ukuta na mlango moja ikawapendeza. Kwa upande wetu wa Afrika, mfano wa karibu ni Zanzibar: ku pwani ya Kiwengwa na Nungwi kuko hoteli nyingi za namna hii, na Waitalia wengi wanafika kule.

Mushaki haina bahari. Lakini iko na vilima, ngombe, maziwa, fromaji, viazi na maharagi, vitu ambavyo jikoni ya hoteli inatafuta kila siku. Njo maana hii habari inatugusa.

Tuanze na mazuri. Kwa mgeni, bei inajulikana mbele ya safari. Baba mwenye watoto ine hataki kuhesabu kila chupa ya Fanta. Hatembei na feza nyingi mukononi, na hasumbuke kutafuta fasi ya kula mangaribi. Kwa mwenye hoteli, feza inaingia mapema. Anajua watu wangapi watakuja mwezi ujao, na anaweza kupanga chakula na wafanyakazi. Hoteli kubwa inahitaji wapishi, wafuaji, walinzi, watu wa bustani, watu wa umeme. Kwa kijana asiye na kazi, mushahara wa kila mwezi si kitu kidogo.

Sasa upande wa pili. Mgeni aliyelipa chakula chote hatatoka kwenda kununua samaki ku restora ya jirani. Mama wa matunda, motari, fundi wa vikapu, wote wanabaki wanaangalia ukuta. Tena feza ililipwa Ulaya, kwa kampuni inayopanga safari. Ile kampuni inanunua vyumba vingi kwa mara moja na inakaza bei. Mwenye hoteli naye anakaza: ku mushahara, na ku bei ya chakula anachonunua. Zanzibar iko na wavuvi na wakulima, na mu mwaka 2023 ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Hata hivi, chakula kingi cha hoteli kinatoka Tanzania bara ao inje ya inchi.

Ni juu ya nini hoteli inaruka jirani? Si chuki kila mara. Hoteli inataka kilo mia moja za viazi kila siku ya kwanza, za ukubwa sawa, pamoja na fakitire, hata kama mvua imeharibu barabara. Mukulima moja hawezi. Anayeweza ni koperative yenye depo, mizani, na mutu wa kuandika.

Na mgeni mwenyewe anapoteza kitu. Juma moja nzima anakula ku meza ileile, na anarudia kwao bila kujua watu wa pale wanasalimiana namna gani.

Kuko inchi iliyojaribu kukataza. Gambia, mu mwaka 1999, ilizuia hoteli za bei moja, kwa sababu wenye restora na teksi walilalamika. Kampuni za safari za Ulaya zikaonya kwamba wateja wataenda kwingine. Mwaka uliofuata, serikali ikaondoa ile amri. Fundisho liko wazi: inchi ndogo inayosubiri wageni kutoka kampuni chache haina nguvu sana ya kubishana nazo.

Kwetu Kivu kulikuwa mfano mdogo wenye kufanana kidogo: kambi ya mahema ya Tchegera, kisiwa cha Ziwa Kivu, chini ya Hifadhi ya Virunga. Pale mgeni alikula palepale, maana ku kisiwa hakuna soko. Lakini Virunga inatukumbusha kitu kingine. Mu mwezi wa tano 2018, mulinzi moja wa hifadhi aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa. Hifadhi ikafunga mlango kwa watalii mpaka mwezi wa pili 2019. Bila usalama, hoteli ya ukuta na hoteli ya wazi zote zinalala njaa.

Basi siku amani itarudi na mutu atakuja kuomba shamba juu ya kujenga hoteli mu vilima vya Masisi, isiwe swali la "tunataka ao hatutaki" peke yake. Wazee, wamama wa soko na vijana waulize haya: Maziwa na fromaji vitanunuliwa wapi, na kwa bei gani? Vijana wangapi wa hapa watafundishwa kazi, si ya ulinzi tu? Mgeni atakuwa na siku ya kutoka na kutembea mu soko? Maji ya kijiji yatabaki ya kijiji? Na majibu yaandikwe ku karatasi, yatiwe sahihi, mbele jiwe la kwanza halijawekwa. Ukuta ukisha kujengwa, ni vigumu kuomba mlango.