Kazi Isiyopendwa Nayo Iwekewe Mpaka

Wazee wetu walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Usemi huu ni wa kweli, na tangu siku za mwito wa Uhuru na Kazi taifa letu limelelewa juu ya fikra hiyo. Lakini wazee hawakusema kwamba kazi mbaya iachwe imle mtu mpaka abaki ganda tupu. Leo tunapenda kumzungumzia mfanyakazi anayeamka kila asubuhi kuiendea kazi asiyoipenda, akaifanya mwaka hata mwaka, hadi moyo wake ukachakaa. Mara nyingi mtu huyu huitwa mvivu. Sisi tunasema kwamba hilo ni kosa, na kosa hilo lina gharama kwetu sote.

Tuitazame Karatu, mji ulio mlango wa Ngorongoro. Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita katikati yake na kupanda hadi lango la Lodoare, ambako msitu na ukungu huanza. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kreta yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi na kina cha mita 600 hivi. Mgeni huiona mara moja katika maisha yake, akastaajabu. Dereva wa Karatu huiona karibu kila siku.

Dereva huyo huondoka mjini kabla ya mapambazuko ili awepo Lodoare lango linapofunguliwa saa 12 alfajiri. Hushuka kwa njia ya Seneto, akazunguka bondeni kwa saa nyingi, akipokea maswali yale yale ya jana na kuyajibu kwa uchangamfu ule ule. Wageni wakitaka kumwona faru, na faru asijitokeze, lawama ni za dereva na bahashishi hupungua. Mwisho hupanda kwa njia ya Lerai, hurudi mjini, huliosha gari, na kesho yake huanza upya. Nyuma yake wapo wapishi, watandika vitanda na walinzi wa hoteli. Mbali zaidi, huko Endulen na Nainokanoka, wapo walimu na wauguzi ambao baadhi yao walipangiwa vituo wasivyoviomba, mbali na wazazi na wenzi wao, wakiwahudumia watu ambao lugha yao ya nyumbani hawaielewi. Si haki kuwaita wavivu watu wanaofanya kazi za namna hiyo.

Msomaji wetu wa visiwani asidhani kuwa haya ni mambo ya bara peke yake. Mgeni anayeshuka kreta Jumatatu huenda ndiye anayelala mchangani Nungwi au Paje siku ya Ijumaa, na kijana anayempokea kwa "karibu" amekwisha kulitamka neno hilo mara mia juma hilo. Mwalimu aliyepelekwa Endulen ni ndugu wa mwalimu aliyepelekwa Kojani au Kisiwa Panza, ambaye safari yake hungoja bahari na chombo. Njia za kuvifikia vituo hivyo ni mbalimbali, bali uchovu ni mmoja.

Hali hii imechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza baada ya kuiona kwa watumishi wa zahanati ya bure mjini New York, watu walioanza kwa ari kubwa na kuishia kama jivu. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alionyesha kwa mfano wa wahudumu wa ndege kwamba tabasamu linalodaiwa na mwajiri nalo ni kazi, tena kazi inayochosha. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hii katika orodha yake mpya ya maradhi, likieleza kuwa yenyewe si ugonjwa, bali ni jambo litokanalo na shinikizo la kazi lisilodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kumwishia mtu; moyo wake kujitenga na kazi, au kuidharau; na uwezo wake wa kuitenda kazi hiyo kupungua. Tuzingatie kwamba chanzo kimetafutwa kazini, wala hakikutafutwa katika tabia ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba asiyeipenda kazi na aiache. Neno hilo ni jepesi mdomoni. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5; mwaka 2020, kwa janga la korona, idadi hiyo ilianguka hadi 620,000 hivi. Miji inayoishi kwa wageni, Karatu ikiwa mmojawapo, ilionja maana ya kukosa hata ile kazi iliyokuwa ikinung'unikiwa. Mwaka 2024 wageni walizidi milioni 2, na kazi imerudi kwa wingi. Lakini mtu aliyeionja njaa ya mwaka 2020 haachi mshahara kwa sababu tu moyo wake umechoka. Kwa hiyo swali letu si kama aiache kazi, bali aishi nayo vipi bila kuangamia.

Kwanza, yampasa apambanue uchovu na chuki. Akipata mapumziko ya kweli, kisha akarejea na nguvu mpya, basi alikuwa amechoka, na dawa yake ni kupumzika mara kwa mara. Ikiwa moyo unazama tangu asubuhi ya kwanza ya kurejea, basi tatizo ni kazi yenyewe, na hapo hana budi kujiwekea mwisho: mwaka fulani, akiba kiasi fulani, masomo fulani, au shamba la vitunguu kule Mang'ola. Kazi ngumu huvumilika pale mtu anapouona mwisho wake.

Pili, aitafute ndani ya kazi hiyo sehemu iliyo yake mwenyewe. Dereva aliyechoshwa na habari za simba anaweza kujifunza ndege, na mwalimu wa Endulen anaweza kujifunza Kimaasai. Elimu hiyo haimfaidii mwajiri peke yake. Ni mali ya aliyejifunza, ataondoka nayo.

Tatu, asiubebe mzigo peke yake. Kilevi huazima nguvu za kesho na kuzitumia leo. Mazungumzo barazani na wenzake wa kazi yatamfaa zaidi. Na akiona usingizi umempotea, au maisha yenyewe yanamchosha, aende hospitali bila kuona haya.

Hata hivyo, juhudi za mfanyakazi hazitoshi ikiwa mkubwa wake hajali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, mapumziko ya kila juma ya saa 24, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005. Mipaka hii iliwekwa ili itumike. Mwajiri akisema hawezi kutoa likizo wageni wanapofurika kati ya Juni na Oktoba, tutamwelewa. Lakini masika, Machi hadi Mei, wageni hupungua, na huo ndio wakati wa kuitoa, tena pamoja na mshahara wake.

Kwa maofisa wa serikali tuna neno la pekee. Mtumishi anayepelekwa kituo cha mbali aambiwe tangu mwanzo atakaa huko miaka mingapi, na ahadi hiyo itimizwe. Apewe nyumba inayokalika. Barua yake ya kuomba uhamisho ijibiwe, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Maana mtu anayengoja jibu mwaka mzima huvunjika moyo kuliko aliyekataliwa mara moja.

Jambo hili si hisani. Njia ya Seneto ni mteremko mkali, na dereva anayesinzia hubeba roho za watu. Muuguzi aliyechakaa moyo anaweza kukosea kipimo cha dawa, na mwalimu aliyekata tamaa huwapitishia tamaa hiyo iliyokatika watoto arobaini kwa pamoja. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo iliyo kuu kuliko zote ni mtu. Tunawaomba wakuu wa idara, bara na visiwani, wayafungue majalada ya maombi ya uhamisho na likizo yaliyolala mezani mwao, waanze na lile la zamani kuliko yote.