BAISKELI KATIKA BARABARA ZA CHANGARAWE SIMIYU: FAHAMU MAJIRA, UDONGO NA MITO KABLA YA SAFARI

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na Wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, umeunganishwa kwa lami kutoka Mwigumbi mkoani Shinyanga kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi, karibu na Ziwa Victoria. Hata hivyo, ukiiacha lami hiyo kulia au kushoto, unaingia katika mtandao mpana wa barabara za changarawe na udongo zinazopita katikati ya mashamba ya pamba, mahindi na mtama, zikishuka mabondeni na kuvuka mito ya mchanga. Magari ni machache huko. Chombo kinachoonekana zaidi ni baiskeli.

Katika miaka ya karibuni, kuendesha baiskeli katika barabara za aina hii kumekuwa mchezo na utalii unaokua duniani. Mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za changarawe yalifanyika mwaka 2022 katika jimbo la Veneto nchini Italia, eneo linalojulikana kwa mashamba ya mizabibu. Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mbio za changarawe zilianza kufanyika katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya mwaka 2021, na Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika Afrika kabla ya hapo.

Kwa wakazi wa Simiyu, baiskeli si jambo geni. Ndiyo inayobeba pamba kwenda kituo cha ununuzi, madumu ya maji, wanafunzi na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kanda ya Ziwa ina historia ndefu ya mbio za baiskeli, na Tamasha la Simiyu Jambo lililofanyika mjini Bariadi mwaka 2018 lilikuwa na mbio hizo pamoja na ngoma za Bagika na Bagalu. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwendeshaji, awe mwenyeji au mgeni, anapaswa kuyafahamu ili safari yake iwe salama na iwe na manufaa kwa vijiji anavyopitia.

Majira yanayofaa

Simiyu ni miongoni mwa mikoa ya ukanda wa Ziwa Victoria inayopata misimu miwili ya mvua: Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kipindi cha Juni hadi Septemba ndicho kikavu zaidi na ndicho kinachofaa kwa safari ndefu za baiskeli.

Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa kipindi hicho ndicho pia cha kuvuna, kuuza na kusafirisha pamba. Malori hutoka katika vituo vya vyama vya msingi vya ushirika kuelekea viwanda vya kuchambua pamba, yakiacha vumbi zito linalomzuia dereva wa nyuma kuona mbele. Mwendeshaji anashauriwa kuanza safari alfajiri kunapopambazuka, kuchagua barabara ndogo za vijijini badala ya zile zinazokwenda viwandani, kuvaa nguo ya rangi inayoonekana kwa mbali, na kusimama kando hadi vumbi litulie kila lori linapopita. Jua huzama karibu na saa 1:00 usiku mwaka mzima. Asiye na taa ya mbele na ya nyuma apange kufika mapema.

Kusoma udongo

Wasukuma wana majina ya udongo ambayo wataalamu wa kilimo wameyatumia kwa miongo mingi katika tafiti zao. Majina hayo humsaidia pia mwendesha baiskeli, kwa kuwa udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka juu ya mwinuko hadi bondeni.

Karibu na vilima vya mawe kuna luseni, udongo wa kichanga. Maji hupenya haraka, hivyo njia hukauka mapema baada ya mvua. Kiangazi mchanga wake hulegea na tairi nyembamba huzama. Chini yake hupatikana itogolo, udongo unaogandamana na kuwa mgumu ukikauka, wenye kupitika kwa wepesi, lakini unaoteleza ukilowa. Bondeni kabisa ipo mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi. Ukilowa hunata kwenye magurudumu na breki mpaka baiskeli ikatae kuzunguka.

Kwa sababu hiyo, njia iliyokuwa nzuri kileleni haikuhakikishii njia nzuri bondeni. Mvua ikinyesha usiku, ni busara kusubiri jua lipige kwa saa kadhaa, au kubaki katika barabara zilizowekwa changarawe na kuinuliwa.

Baiskeli maalumu za changarawe huwa na tairi pana kiasi, kwa kawaida milimita 40 hadi 50, ili zisizame mchangani. Si lazima kuwa nayo. Baiskeli ya kawaida yenye breki mbili zinazofanya kazi, cheni iliyopakwa mafuta na tairi zisizochakaa inatosha kwa safari ya siku moja. Panapokuwa na mchanga, kupunguza upepo kidogo katika tairi huongeza uthabiti. Beba pampu, viraka, gundi na maji ya kutosha. Mafundi baiskeli wapo katika vituo vingi vya biashara, lakini umbali kati ya kituo na kituo unaweza kuwa mrefu.

Mto hujaa hata pasipo na mvua

Hili ndilo jambo lenye hatari kubwa kuliko yote. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina lake, huanzia upande wa nyanda za Serengeti na kutiririka kuelekea magharibi hadi Ziwa Victoria. Mto Duma nao hutoka upande huo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mito hii na vijito vyake huonekana kama barabara pana za mchanga, ambako wananchi huchimba visima vifupi kupata maji na kunywesha mifugo.

Mvua kubwa ikinyesha mashariki, maji hushuka kwa kasi na kufika sehemu za chini ambako anga ni jeupe na ardhi ni kavu. Mtu anayevuka akiamini kuwa mvua haijanyesha anaweza kukutwa katikati ya mto. Mito mingi katika barabara za vijijini huvukwa kwa daraja mfuto, yaani sakafu ya zege iliyolazwa juu ya kitanda cha mto, ambalo limejengwa kwa makusudi maji yapite juu yake wakati wa mafuriko. Daraja la aina hii likifunikwa, kingo zake hazionekani, na huenda sehemu ya zege imeshachukuliwa na maji.

Maji yanayofika magotini na yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima. Mwenye baiskeli yupo katika hatari zaidi, kwa kuwa magurudumu na mzigo hupokea msukumo wa maji. Kanuni ni moja: kama huoni sakafu ya daraja, usivuke. Subiri maji yapungue au rudi ulikotoka. Usimfuate mtu aliyevuka kabla yako, kwa kuwa kina hubadilika kwa dakika. Waulize wenyeji, na fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), si za Bariadi pekee, bali pia za mikoa jirani ya Mara na Arusha. Wazazi wanakumbushwa kuwa kanuni hii inawahusu zaidi watoto wanaokwenda shule kwa baiskeli, ambao hukutana na mito hiyo kila siku.

Mipaka ya hifadhi

Upande wa mashariki mkoa unapakana na mfumo ikolojia wa Serengeti, ikiwemo Pori la Akiba Maswa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuingia katika pori la akiba bila kibali. Kukosa uzio au bango si ruhusa. Katika Wilaya ya Meatu yapo pia maeneo ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Makao, ambako utaratibu wa jumuiya huzingatiwa.

Tembo hutoka nje ya hifadhi na kufika katika vijiji vya Bariadi, Itilima, Busega na Meatu. Baiskeli haina sauti, hivyo ni rahisi kumkaribia mnyama kabla yeye wala wewe hamjaonana. Ukimwona tembo, simama mbali, geuza taratibu na uondoke. Usijaribu kumpita wala kumpiga picha kwa karibu. Katika vijiji vya mpakani, epuka kutembea alfajiri sana na jioni.

Heshima na manufaa kwa vijiji

Mgeni anayepita kimya hujulikana kwa mashaka, anayesalimia hupokelewa. Asubuhi hutumika "Mwangaluka" na baada ya hapo "Mwadila". Kwa msafara wa watu wengi, ni vyema kutoa taarifa mapema kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Usipite katikati ya shamba kufupisha njia, usikanyage pamba iliyoanikwa, na usiingie katika ngitili, malisho ambayo wafugaji wameyatunza kwa ajili ya kiangazi. Nunua chakula kwa mama lishe wa kijijini, tengeneza baiskeli kwa fundi wa pale pale, na lala katika nyumba za wageni za mji ulikofikia.

Aidha, mwendesha baiskeli huona uharibifu wa barabara ambao mwenye gari huupita haraka: kalavati lililoziba, mfereji uliofukiwa, ukingo wa daraja ulioanza kumong'onyoka. Barabara za wilaya zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Wananchi wanahimizwa kutoa taarifa katika ofisi za wakala hizo au kupitia Serikali ya Kijiji, wakitaja jina la barabara, kijiji na alama ya karibu. Taarifa iliyotolewa Agosti, wakati mto ni mkavu, huwezesha marekebisho kufanyika kabla ya Vuli. Iliyotolewa Novemba huenda ikawa imechelewa.

Kwa dharura, piga simu namba 112 kwa Polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.